Eneo la 25: picha zilionyesha njia, jaribio likakwama

Asilimia 20 kwa 17. Namba hizo mbili ndizo zilizolikwamisha jaribio lililobeba matumaini makubwa katika tiba ya sonona sugu. Wagonjwa 90 nchini Marekani walitobolewa fuvu, wakapitishiwa nyaya mbili nyembamba hadi eneo la 25, ndani kabisa ya ubongo, na kuwekewa betri chini ya ngozi ya kifua. Kwa kura, 60 wakawashiwa umeme na 30 wakaachwa na kifaa kilichozimwa, bila mgonjwa wala aliyempima kujua nani yuko kundi gani. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya kuhesabika katika kundi la kwanza walikuwa 12. Katika kundi la pili, ambalo halikuwashiwa kitu, walikuwa 5.

Jaribio hilo liliitwa BROADEN. Lilianza mwaka 2008 kwa fedha za kampuni ya vifaa tiba ya St. Jude Medical, na baadaye uandikishaji ukasimamishwa baada ya hesabu za katikati ya safari kuonyesha kwamba hata wakiendelea, uwezekano wa kufaulu ni mdogo. Matokeo kamili yalichapishwa 2017 katika jarida la The Lancet Psychiatry.

Kinachonivutia katika kisa hiki si kushindwa kwenyewe, maana dawa na vifaa hushindwa kila mwaka. Ni kwamba tiba hii haikubahatishwa. Ilitokana na picha za ubongo zilizokusanywa kwa zaidi ya miaka 10, na wagonjwa wa mwanzo waliitikia vizuri mno. Je, picha zilidanganya? Nitakavyoeleza, sidhani. Nadhani ziliulizwa nusu ya swali.

Lilikotoka wazo

Helen Mayberg, mwenye wazo hili, ni daktari wa magonjwa ya mfumo wa fahamu, si wa magonjwa ya akili, na jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu wa fani yake akiletewa mgonjwa aliyepooza mkono, la kwanza analotaka kujua ni sehemu gani ya ubongo imeguswa. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianza na wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, akiwalinganisha wenye sonona na wasio nayo. Mwaka 1990 yeye na wenzake walieleza kuwa wenye sonona walikuwa na sehemu za chini za ubongo wa mbele zilizopoa, yaani zilitumia sukari kidogo kuliko inavyotarajiwa.

Kipimo walichotumia kinaitwa PET. Mtu hudungwa kiasi kidogo cha maji au sukari yenye mionzi, kisha mashine hufuatilia mionzi hiyo imeelekea wapi. Sehemu inayofanya kazi zaidi huvuta damu zaidi na kutumia sukari zaidi, na ndiyo inayong'aa kwenye picha. Si kazi ya haraka wala ya bei nafuu. Maji yenye oksijeni-15 hupoteza nusu ya mionzi yake kila baada ya dakika 2 hivi, kwa hiyo lazima yatengenezwe palepale hospitalini na kukimbizwa kwenye mshipa wa mtu aliyelala tayari ndani ya mashine.

Utafiti uliobadilisha mambo ulichapishwa 1999. Watu wasio na ugonjwa waliandika jambo la maisha yao lililowahi kuwatia simanzi. Wakiwa ndani ya mashine walilirudia moyoni mpaka huzuni ikawaingia sawasawa, na picha zikachukuliwa wakati huo. Eneo dogo lililo katikati na chini ya ubongo wa mbele likawaka. Sehemu za juu na pembeni, zile tunazozitumia kupanga na kuamua, zikapoa. Eneo hilo dogo Korbinian Brodmann, Mjerumani aliyechora ramani ya gamba la ubongo, alilipa namba 25 katika kazi yake ya mwaka 1909, na namba hiyo ikabaki kuwa jina lake.

Upande wa pili wa utafiti huohuo ulihusu wagonjwa wa sonona waliotibiwa kwa fluoksetini, dawa ya sonona, wakapona. Picha zao zilikwenda kinyume kabisa: eneo la 25 lilipoa na sehemu za mbele zikaamka. Huzuni ya dakika chache na sonona ya miezi zilikuwa zinapita kwenye njia moja.

Kuna utafiti wa tatu ambao husahaulika masimulizi haya yanapotolewa, nao ndio ninaouona wa thamani kuliko yote kwa kisa chetu. Mwaka 2002 kundi la Mayberg lilieleza habari za wanaume waliopewa ama fluoksetini ama plasebo, kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 6. Waliomaliza wakiwa na picha kamili walikuwa 15, na 8 walipata nafuu: 4 kwa dawa, 4 kwa plasebo. Eneo la 25 lilipoa hata kwa wale wa plasebo. Dawa iliongeza mabadiliko mengine katika sehemu za ndani zaidi, lakini alama kuu ya kupona ilikuwa ileile.

Tafakari maana yake. Kupoa kwa eneo la 25 kunakuambia kwamba mtu amepata nafuu. Hakukuambii nafuu hiyo imeletwa na nini. Laiti neno hilo lingeandikwa ukutani kwenye kila chumba kilichopanga jaribio la 2008.

Toronto, 2003

Kama eneo lina kazi kupita kiasi, linaweza kutulizwa? Wenye Parkinson walikuwa tayari na jibu la aina yake. Mwaka 1987, huko Grenoble nchini Ufaransa, Alim Louis Benabid aligundua kwamba umeme wa kasi, zaidi ya mapigo 100 kwa sekunde, ukipelekwa ndani ya ubongo hutuliza mtetemeko bila kuharibu sehemu yenyewe. Kifaa kikizimwa, mtetemeko unarudi. Marekani iliruhusu matumizi yake kwa mtetemeko mwaka 1997 na kwa Parkinson 2002.

Mayberg, wakati huo akiwa Toronto, aliungana na daktari wa upasuaji wa ubongo Andres Lozano na daktari wa magonjwa ya akili Sidney Kennedy. Wakachukua wagonjwa 6 walioshindikana kwa kila njia: dawa za aina mbalimbali na mazungumzo ya kitaalamu, na wengi walikuwa wamepitia hata tiba ya mshtuko wa umeme. Hawa hawakuwa watu wenye huzuni ya kawaida. Sonona ya kiwango hicho humfanya mtu akae kitandani akitazama kikombe cha chai kikipoa, na mkono usinyanyuke.

Upasuaji ulifanyika mgonjwa akiwa macho. Kichwa hubanwa kwenye fremu ya chuma, ngozi inatiwa ganzi, fuvu linatobolewa tundu dogo kila upande, na waya unashushwa kwa kufuata vipimo vya picha ya MRI, inayopigwa kwa sumaku. Ncha ya waya ina vituo vinne vya umeme vilivyopangana, na madaktari huvijaribu kimoja kimoja bila kumwambia mgonjwa kipi kimewashwa. Kwenye baadhi ya vituo hakikutokea kitu. Kwenye vingine, wagonjwa walisema ghafla, bila kuulizwa, kwamba wametulia, kwamba utupu umeondoka, kwamba chumba kimepata mwanga. Kikizimwa, hali inarudi.

Baada ya miezi 6, wagonjwa 4 kati ya 6 walikuwa na nafuu kubwa iliyodumu. Picha za PET kabla ya upasuaji zilionyesha eneo la 25 likifanya kazi kupita kiasi, na baada ya miezi ya umeme zikaonyesha limepoa. Makala ilitoka katika jarida la Neuron mwezi Machi 2005, na habari zikasambaa dunia nzima. Sishangai. Kila kitu kilikaa sawa: nadharia, picha, upasuaji, matokeo, kisha picha tena.

Kasoro moja tu: wote sita walijua wamefanyiwa upasuaji na walitamani ufanye kazi. Na picha ya eneo la 25 lililopoa, kama tulivyoona, haiwezi kutenganisha umeme na matumaini.

Kilichovunjika

Wanaoitetea tiba hii wana hoja tatu, na si visingizio vitupu.

Ya kwanza ni muda. Wagonjwa wa BROADEN walikuwa kwenye sonona ileile, bila kutoka, kwa wastani wa zaidi ya miaka 10. Mtu wa namna hiyo hata ubongo ukifunguka leo, kesho hana kazi, hana marafiki wa kumpigia, na hajui tena siku ya kawaida inavyokwenda. Kumhukumu kwa miezi 6 ni haraka. Baada ya kipindi cha siri kwisha, wote waliwashiwa umeme, na waliofika mwaka wa pili walikuwa 77. Katika hao, asilimia 49 walikuwa wamepata nafuu na asilimia 26 walikuwa wametoka kabisa kwenye sonona. Kundi la Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, lilikohamia kazi ya Mayberg, lilifuata wagonjwa 28 kwa miaka hadi 8, na kila mwaka kuanzia wa pili nusu au zaidi walikuwa na nafuu. Sonona ya kiwango hicho kwa kawaida haiondoki na kukaa mbali kwa miaka.

Hoja ya pili ni mpango wa jaribio. Hapa ushahidi mzuri ulitoka Uholanzi, ingawa wao walilenga sehemu nyingine ya ubongo. Mwaka 2016 walieleza jinsi walivyowachukua wagonjwa 25, wakatumia hadi mwaka mzima wakirekebisha umeme wa kila mmoja wazi bila siri yoyote, na 10 wakapata nafuu. Baada ya hapo ndipo wakaanza majaribio ya siri: kifaa cha mtu kinawashwa kwa kipindi na kuzimwa kwa kipindi kingine naye hajui. Kilipozimwa, sonona ilirudi kwa kiwango kikubwa. Linganisha na jaribio la Marekani kwenye karibu sehemu hiyohiyo ya Waholanzi, lililochapishwa 2015: wagonjwa 30, siri tangu mwanzo, wiki 16, asilimia 20 dhidi ya 14. Limekwama vilevile. Mpango wa kwanza unauliza kama tiba inawafaa wale iliyowakubali. Wa pili unauliza kama inafanya kazi haraka kwa yeyote. Hayo ni maswali mawili, na makampuni yalichagua gumu kwa sababu ndilo lililozoeleka kwenye vidonge.

Lakini nisiifiche hoja ya upande wa pili. Nafuu ya miaka miwili bila kundi la kulinganisha ni nafuu bila kundi la kulinganisha. Wagonjwa hao walikuwa wakionwa mara kwa mara na timu ya wataalamu waliowajali, jambo ambalo lenyewe ni tiba. Na upasuaji si mchezo: katika BROADEN, wagonjwa 7 walipata madhara makubwa yaliyotokana na kifaa au upasuaji wenyewe. Anayesema jaribio lilishindwa kwa sababu ya mpango wake tu anajipendelea.

Hoja ya tatu ndiyo inayoturudisha kwenye picha.

Nyuzi nne

Katika BROADEN, waya ulishushwa kwa kufuata alama za anatomia kwenye MRI ya mgonjwa. Ukishafika eneo la 25, umefika. Kwa Parkinson utaratibu huo unasaidiwa na kitu cha kuonekana: mkono unaotetemeka hutulia mbele ya macho yako, na ukikosea kidogo unajua papo hapo. Sonona haina mkono wa kutazama.

Hata hivyo umeme unaopelekwa pale hauishii kwenye eneo lenyewe. Unagusa nyuzi za neva zinazopita hapo kwenda sehemu nyingine. Msomaji wa Dar es Salaam ataelewa nikisema kwamba ukizuia magari Ubungo hujazuia Ubungo peke yake: umegusa Barabara ya Morogoro, Mandela na Sam Nujoma, na foleni itajulikana mbali na hapo. Na makutano hayo, ndani ya kichwa cha kila mtu, hayakai sawasawa. Milimita chache pembeni, na umekosa barabara moja nzima.

Aina nyingine ya MRI, inayofuata jinsi maji yanavyosogea kufuata mkondo wa nyuzi, iliwezesha kuzichora barabara hizo kwa mtu aliye hai. Patricio Riva-Posse na wenzake Emory walirudi kwa wagonjwa waliokwisha kuwekewa vifaa na kutazama umeme wa kila mmoja ulikuwa unagusa nyuzi zipi. Waliopona walikuwa na jambo moja la pamoja: mafungu manne ya nyuzi, yanayokwenda ubongo wa mbele wa pande zote mbili, ukanda wa singulati ulio katikati ya ubongo, sehemu za ndani za hisia, na viini vya chini vinavyohusika na hamu na kujituma. Waliokosa walikuwa wamekosa fungu moja au zaidi.

Kisha wakafanya kinyume: wakachora nyuzi kwanza, ndipo wakaweka waya panapokutana mafungu yote manne. Matokeo ya 2018 yalikuwa ya wagonjwa 11. Kufikia miezi 6, 8 walikuwa na nafuu. Kufikia mwaka, 9. Ni wachache, na hakukuwa na kundi lililozimiwa. Hata hivyo ulengaji wao ni tofauti na wa BROADEN, kwa hiyo kutumia matokeo ya BROADEN kuuhukumu si haki kabisa.

Mwaka 2023 kundi hilohilo, safari hii na mhandisi Christopher Rozell wa Georgia Tech, lilichapisha katika Nature jaribio la wagonjwa 10 waliowekewa kifaa kinachotoa umeme na pia kusikiliza mawimbi ya ubongo. Baada ya wiki 24, 9 walikuwa na nafuu na 7 walikuwa wametoka kwenye sonona. Kwa wagonjwa 6 ambao rekodi zao zilifaa, alama moja ya mawimbi ilifuata kupona kwao. Mgonjwa mmoja aliyerudi kuzama, alama yake ilikuwa imeshabadilika kama mwezi mzima kabla ya madaktari kutambua kwa mahojiano. Hapo ndipo sonona inaanza kupata mkono wake wa kutazama.

Tawi lililofika mbali zaidi

Cha ajabu ni kwamba tunda la eneo la 25 lililokwisha kuruhusiwa halihitaji kisu. Sumaku inayowekwa juu ya kichwa haiwezi kufika kina cha eneo hilo, lakini inafika gamba la juu. Mwaka 2012 Michael Fox na wenzake walionyesha kwamba sehemu za juu kushoto ambazo sumaku huleta nafuu zaidi ni zile ambazo kazi yake hupanda pale kazi ya eneo la 25 inaposhuka. Nolan Williams wa Stanford akajenga tiba juu ya hilo: MRI ya kila mgonjwa hutumika kutafuta nukta yake mwenyewe, kisha vipindi 10 kwa siku, siku 5 mfululizo. Katika jaribio la siri la watu 29 lililochapishwa 2022, alama za sonona zilishuka kwa wastani wa asilimia 52.5 kwa waliopata sumaku ya kweli, na 11.1 kwa waliopata ya uongo. Marekani iliiruhusu mwaka huohuo.

Na kwetu?

Ndugu wa mgonjwa wa sonona, Tanzania na Kenya, mara nyingi husema "mpeleke apigwe picha ya kichwa ijulikane tatizo ni nini." Naelewa wanakotoka, picha inaondoa lawama za uvivu na za kurogwa. Ila hakuna picha leo inayoweza kumwambia mtu ana sonona. Watafiti wa Ujerumani waliwapima watu 1,809, wenye sonona na wasio nayo, kwa aina kadhaa za picha za ubongo, na matokeo yao ya 2022 yalionyesha makundi mawili yakifunikana kwa asilimia 87 hadi 95. Kwa mtu mmoja mmoja, kubahatisha kunakaribia kuwa sawa na kupima.

MRI ina kazi yake pale daktari anaposhuku uvimbe au kiharusi. Sonona hugunduliwa kwa mazungumzo na dodoso, na dawa kama amitriptilini na fluoksetini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayekuuzia picha ya MRI kama kipimo cha sonona anakuuzia kitu ambacho Mayberg mwenyewe hana.

Kifaa chenyewe cha kupeleka umeme eneo la 25 hakijakufa. Abbott, walioinunua St. Jude Medical mwaka 2017, wameanzisha jaribio jipya la siri liitwalo TRANSCEND. Matokeo yake yakitoka, mimi sitaanza na asilimia. Nitatazama kwanza waya uliwekwa kwa kufuata eneo au kwa kufuata nyuzi, kisha kundi lililozimiwa lilipimwa baada ya muda gani.